Sindano zimechomwa, joto halionekani: kutafuta kosa kwenye upandishaji wa pamoja wa ng'ombe wa malisho Tanga

Mwezi wa sita masika yamekwisha, majani ya Muheza na Korogwe bado mabichi, kusi linapoza mchana na ng'ombe wana mwili. Huo ndio wakati wafugaji wa huku wanachanga fedha, wanamwita mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mbegu za mrija, na kuwachoma ng'ombe homoni ili waingie joto, yaani wawe tayari kupandwa, kwa pamoja. Wiki chache baadaye maswali yanaanza. Mbona fulani hajaonyesha kitu? Mbona wote walipandishwa siku moja na karibu wote wamerudi joto bila kushika mimba? Majibu nimeyapanga kwa dalili, kama mfugaji anavyoiona zizini, maana sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba ng'ombe wake hana projesteroni, homoni ya uzazi. Anasema "hajapanda", basi.

Kwa nini Juni, na kwa nini pamoja

Ng'ombe wa malisho anatoa maziwa kwa kinachoota. Mimba yake huchukua takriban siku 280, kwa hiyo anayeshika mimba tarehe 20 Juni anazaa karibu na tarehe 27 Machi, masika yanapoingia, na kilele cha maziwa yake kinakutana na majani mengi. Mwisho wa Juni atakuwa amefikisha miezi mitatu tangu azae, tumbo la uzazi limesharudi mahali pake, na anaweza kupandishwa tena. Kalenda inajifunga yenyewe kwa mwaka mmoja.

Ukilenga vuli hesabu inakuwa ngumu. Anayezaa katikati ya Oktoba lazima ashike mimba karibu na tarehe 10 Januari, kaskazi likiwa limeshika, jua kali, unyevunyevu wa bahari na majani yamegeuka mabua. Kundi la Januari ndilo linaloniletea malalamiko mengi kuliko mengine yote.

Wapo wanaosema kuwazalisha wote masika ni kujazana maziwa wakati kila mtu anayo, halafu Januari na Februari hakuna cha kupeleka kwenye kituo cha kukusanyia. Wana haki. Anayeuza kwa kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh kupitia ushirika, au anayepeleka kwenye mikahawa ya mjini, hawezi kukauka miezi mitatu. Mimi ningegawa: kundi kubwa Juni, na dogo mwishoni mwa Novemba, likiwa limekula majani ya vuli na kabla kaskazi halijakolea. La Novemba litazaa mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo uwe na hei (majani yaliyokaushwa) au majani ya tembo ya akiba.

Faida nyingine ya kupandisha pamoja haihusu majani. Mhimilishaji anakuja na mtungi wa naitrojeni wa kutunzia mbegu. Safari ya pikipiki hadi vijiji vya ndani vya Pangani au Mkinga kwa ng'ombe mmoja ni hasara kwake na kwako. Majirani watano wenye ng'ombe watatu watatu wakikubaliana siku moja, safari inalipa.

Sindano inafanya nini hasa

Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21, wengine 18, wengine 24. Baada ya joto yai linatoka, na pale lilipotoka juu ya ovari, kiungo kinachotoa mayai, panakua kinundu cha manjano kinachotoa projesteroni. Kinundu kikiwepo, joto halirudi. Ng'ombe akikosa mimba, karibu na siku ya 17 kinundu kinakufa na joto linarudi. Prostaglandini, sindano inayotumika zaidi, inakiua kinundu kabla ya siku zake. Joto linafuata kati ya siku ya pili na ya tano.

Kwa hiyo prostaglandini ni kengele ya shule: inawakusanya waliopo, haimleti mtoto ambaye hajaandikishwa. Ng'ombe ambaye ovari zake zimelala hana kinundu, na asiye na kinundu hana cha kuuliwa. Shida nyingi nilizoziona zilianza kabla ya sindano ya kwanza, kwa kuwachoma ng'ombe ambao hawakuwa na mzunguko.

Namna rahisi ya kujua ni rangi. New Zealand, ambako sehemu kubwa ya ng'ombe wa maziwa huzaa kwa msimu mmoja na kuishi malishoni, wafugaji hupaka rangi juu ya shina la mkia. Ng'ombe akipandwa na wenzake rangi inakwanguka. Rangi ya kawaida ya dukani au chaki nene ya mifugo inatosha. Paka wiki tatu kabla ya siku ya sindano, na urudishie inapofifia kwa mvua. Ambaye baada ya wiki tatu rangi yake iko vilevile, hajaingia joto au ana mimba. Wote wawili hawahusiki na prostaglandini siku hiyo, na kwa mwenye mimba ni hatari.

Dalili ya kwanza: siku ya tano imepita, hakuna aliyeonyesha joto, au ni mmoja tu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Anza na mwili. Simama ubavuni mwa ng'ombe. Ukiweza kuhesabu mbavu zote ukiwa hatua kadhaa, na mifupa ya nyonga imechongoka, huyo hajafika. Kwa kipimo cha unene cha 1 hadi 5 kinachotumiwa na mabwana mifugo, anayepandishwa awe na 2.5 au zaidi. Baada ya kuzaa maziwa hupanda haraka kuliko anavyoweza kula, anayatoa mafuta ya mwili, na mwili uliobanwa hivyo hauruhusu yai kukomaa. Nusu alama akipoteza baada ya kuzaa si ajabu. Akipoteza alama nzima, atachelewa sana.

Hili haliponi kwa kumwaga pumba wiki mbili kabla ya sindano. Mwili wa Juni unajengwa Januari, ng'ombe akiwa kavu, yaani hakamuliwi, na ana mimba kubwa. Pwani yetu ina mashudu ya nazi, kuna mashudu ya alizeti kutoka bara, kuna miti ya malisho ya lusina na glirisidia kwenye ua wa shamba ambazo zinabaki kijani kiangazi kizima. Anayezitumia miezi miwili ya mwisho wa mimba anaona tofauti kwenye rangi ya mkia.

Angalia pia madini. Majani ya kiangazi yana fosforasi kidogo. Ng'ombe anayetafuna mifupa, magunia na kuni anakwambia hivyo kwa mdomo wake. Chumvi ya kupikia peke yake haina fosforasi. Nunua mchanganyiko wa madini ya ng'ombe wa maziwa na uuweke mahali penye kivuli pasiponyeshewa.

Halafu ndama. Chotara wengi wa huku wana damu ya Borani au ya zebu wa kienyeji, na hawateremshi maziwa bila ndama kuwapo. Ndama anayekaa na mama mchana kutwa malishoni anachelewesha mzunguko. Mwache anyonye kwa dakika chache baada ya kukamua, asubuhi na jioni, kisha atengwe. Hilo peke yake limewarudisha ng'ombe ambao mwenyewe alishataka kuwauza.

Usisahau maradhi yanayokula damu taratibu. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, haimwangushi ng'ombe siku moja. Inamkondesha, inamzimia joto, na kama ana mimba anaweza kuitupa. Ukanda wa Pangani kuelekea Saadani una historia ndefu ya mbung'o. Ranchi ya zamani ya Mkwaja, ambayo ardhi yake leo iko ndani ya Hifadhi ya Saadani, ilipambana nao miaka yote ya uhai wake. Inafaa kukumbuka kwamba mbung'o madume waliotasishwa kwa mionzi na kuachiliwa Unguja miaka ya 1990, hadi mbung'o wakatoweka kisiwani, walizalishwa hapa hapa Tanga. Bara hatukubahatika hivyo. Anayechunga karibu na vichaka vya pwani apime damu ya ng'ombe aliyedhoofu kabla ya kumnunulia homoni.

Ikiwa mwili uko sawa, ndama ametengwa na damu ni safi, muulize daktari wa mifugo apapase ovari. Akikuta ni ndogo na laini, mzunguko haupo, na dawa ya huyo ni kifaa cha projesteroni ambacho nitakigusa mbele. Akikuta kinundu kipo, basi joto lipo na limepita bila kuonekana, au dawa haikufika.

Dawa kutofika ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Chupa iliyokaa kwenye mkoba wa pikipiki juani kutwa haiaminiki. Soma lebo: baadhi ya homoni zinataka friji, nyingine zinavumilia kivulini. Dozi nayo inatofautiana na aina; ya dinoprosti kwa kawaida ni mililita 5, ya kloprostenoli ni mililita 2, na mtu akizoea moja akaichoma nyingine kwa kipimo kilekile, kazi imeharibika. Choma kwenye msuli wa shingo, sindano ya inchi moja na nusu kwa ng'ombe mkubwa, isiishie kwenye mafuta ya chini ya ngozi.

Na kuhusu joto lililopita bila kuonekana: kwa hali ya hewa ya Tanga ng'ombe hupandana zaidi usiku na alfajiri. Dalili ya uhakika ni moja, kusimama akipandwa bila kukimbia. Kulia, kunusa wenzake, kupunguza maziwa na ute mwangavu unaovutika ukeni ni dalili za kukufanya ukae macho. Kipindi hicho cha kusimama kinaweza kuwa cha saa chache tu kwa chotara wa zebu. Anayetazama mara moja tu, wakati wa kukamua, atakosa wengi. Tazama nusu saa kabla ya kukamua alfajiri, nusu saa jioni wanaporudi, na mara moja tena karibu saa nne usiku ukiwa na tochi.

Mchungaji ndiye jicho lako mchana. Mpe daftari dogo, au akutumie ujumbe wenye namba ya ng'ombe na saa, na umlipe kitu kidogo kwa kila joto alilolikamata. Ni fedha ndogo kuliko ya mrija mmoja wa mbegu.

Neno la mwisho hapa ni miguu. Masika yakiacha matope mazito zizini, kwato zinaoza na ng'ombe mwenye kwato inayouma hampandi mwenzake. Joto analo, ishara hakuna.

Dalili ya pili: wengi wameingia, lakini karibu theluthi wamekaa kimya

Huenda hakuna kosa lolote. Chukua ng'ombe 21 wenye mzunguko mzuri, kila mmoja akiwa siku yake tofauti. Walio siku 0 hadi 5, yaani sita, kinundu chao bado kichanga na sindano hakisikii. Walio siku ya 6 hadi 16, kumi na mmoja, wanaitika. Wanne waliobaki, siku ya 17 hadi 20, wanaingia wenyewe wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo hata kundi kamilifu litakupa 15 kati ya 21.

Dawa yake ni sindano ya pili baada ya siku 11 hadi 14. Wengi huchagua 14 kwa sababu inaangukia siku ileile ya juma na hakuna wa kukosea. Wale sita wa mwanzo sasa wana kinundu kilichokomaa. Mwenye fedha kidogo aanze kwa kupandisha walioingia baada ya sindano ya kwanza, kisha awachome wale tu waliokaa kimya. Anaokoa dozi nyingi.

Akibaki kimya hata baada ya ya pili, rudi kwenye dalili ya kwanza.

Dalili ya tatu: joto limetapanyika, mhimilishaji amekuja siku moja na wengine wamempita

Prostaglandini inaondoa kinundu, lakini haipangi yai limekomaa kiasi gani siku hiyo. Mwenye yai kubwa anaingia siku ya pili, mwenye yai changa siku ya tano. Ukitaka kila mmoja apandishwe saa moja bila kutazama joto, unahitaji homoni ya pili inayoitwa kwa kifupi GnRH, ambayo hulazimisha yai kutoka.

Ratiba inayojulikana zaidi ni hii. Jumatatu saa mbili asubuhi, GnRH. Jumatatu inayofuata saa mbili asubuhi, prostaglandini. Jumatano saa kumi jioni, yaani saa 56 baadaye, GnRH tena. Alhamisi saa mbili asubuhi, saa 16 baada ya hiyo, wote wanapandishwa.

Ikishindikana, uliza Jumatano kulitokea nini. Hiyo ndiyo sindano inayosahaulika au kusogezwa, kwa kuwa ni jioni, ng'ombe bado malishoni, aliyepewa kazi ana harusi. Ikichomwa Alhamisi asubuhi na mhimilishaji akapandisha saa hiyo hiyo, hesabu tayari imekorofika. Andika ratiba kwa saa kwenye ubao wa banda, na jina la anayehusika.

Kosa la pili kwenye ratiba hii ni kumpuuza ng'ombe aliyeingia joto mapema, tuseme Jumapili au Jumatatu ya pili. Kila kundi huwa na wachache wa namna hiyo. Mpandishe alipoonekana, usimsubirishe Alhamisi. Alhamisi yai lake limeshapita.

Mimi mwenyewe, kwa kundi la chini ya ng'ombe kumi na mchungaji mzuri, napendelea prostaglandini na macho. Ratiba ya saa ni ya kundi kubwa, au ya mahali ambapo mhimilishaji anakuja mara moja tu kwa mwezi.

Dalili ya nne: wote walipandishwa, na wamerudi

Kabla ya kukasirika, jua matarajio. Kwa ng'ombe wanaokamuliwa, upandishaji wa saa maalumu ukishikisha mimba wanne kati ya kumi umefanya kazi yake vizuri. Anayekuahidi tisa kati ya kumi ana kitu anachouza.

Wakirudi karibu wote, siku waliyorudi ndiyo inayosema. Hesabu kutoka siku ya mbegu.

Aliyerudi ndani ya siku 10 hakuwa kwenye joto la kweli alipopandishwa, au ratiba haikumshika. Aliyerudi kati ya siku 18 na 24 hakushika, au kijusi kilikufa mapema sana. Hawa ndio wengi na nitawarudia. Aliyerudi kati ya siku 25 na 35 alishika na kupoteza. Fikiria joto la hewa, homa ya ndigana, au maambukizi ya tumbo la uzazi. Aliyerudi karibu na siku 42 alirudi pia siku ya 21, ila hukumwona.

Sasa wale wa siku 18 hadi 24. Kwanza saa. Yai hutoka takriban saa 24 hadi 32 tangu joto lianze. Kwa hiyo aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Ukiona damu kwenye mkia au ukeni, joto lilipita siku moja hadi tatu nyuma. Usimpandishe, andika tarehe na umtazame tena baada ya siku 18 hivi.

Pili mbegu. Mbegu zinakaa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi unaopungukiwa unaziua bila kelele wala harufu. Muombe mhimilishaji apime kimiminika kwa kijiti mbele yako. Mwenye kazi safi hakasiriki. Mrija uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, sekunde 30 hadi 45, kwa kipimajoto, si kwa kidole. Na hapa upandishaji wa pamoja una mtego wake: kukiwa na ng'ombe kumi na wawili kwenye foleni, mtu hushawishika kuyeyusha mirija kumi kwa mpigo ili amalize kabla jua halijapanda. Wa mwisho wanapewa mbegu zilizokufa. Iyeyushwe ile tu itakayotumika ndani ya dakika 10 hadi 15. Ukiona katika orodha walioshika ni wa mwanzo wa foleni na waliorudi ni wa mwisho, umeshapata jibu.

Tatu mkono. Mbegu huachwa kwenye mwili wa tumbo la uzazi, mara tu baada ya mlango wa kizazi. Mtu aliyechoka, au ng'ombe anayerukaruka kwa kukosa kibanio, mbegu zinaishia mlangoni au ndani zaidi ya inavyotakiwa. Jengeni kibanio cha miti kabla ya siku yenyewe, na wapitisheni ng'ombe humo mara kadhaa bila kuwafanya chochote ili wakizoee.

Nne usafi wa tumbo. Aliyebakiwa na kondo la nyuma, au aliyetoka usaha wiki ya tatu na ya nne baada ya kuzaa, asiingie kwenye kundi mpaka ute wake uwe mwangavu kabisa. Wakati mwingine daktari hutumia prostaglandini yenyewe kumsafisha.

Tano hewa. Kijusi cha wiki ya kwanza hakivumilii mwili wa mama uliopata joto kupita kiasi. Friziani mwenye damu nyingi huumia zaidi ya chotara wa nusu kwa nusu. Baada ya kuwapandisha, waache karibu na kivuli cha mwembe au mkwaju, maji yawepo muda wote, wachungwe alfajiri na jioni. Kuwatembeza kilomita kadhaa saa saba mchana siku hiyo hiyo ni kuitafuta hasara.

Na kama ng'ombe wamekuwa wakipandwa na dume la jirani mmoja mmoja, wanarudi mara tatu nne, mara siku 30, mara 45, na dume limezunguka vijiji, shuku magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, trikomoniasi na vibrio. Mbegu za mrija kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji, Usa River, hazina mzunguko huo. Kumbuka pia kwamba kundi zima likiingia joto siku moja, madume ya jirani wote watakuja. Funga.

Dalili ya tano: ametupa mimba baada ya sindano

Prostaglandini haibagui kinundu cha mzunguko na kinundu kinachoshikilia mimba changa. Ng'ombe mwenye mimba ya miezi mitatu akichomwa, mimba inatoka. Hili halina tiba, lina kinga tu: kila ng'ombe apapaswe na mtu anayejua kabla ya sindano ya kwanza, hasa pale dume linapochunga na kundi. Kwa mkono mimba inapimika vizuri kuanzia siku 45 hadi 60. Kama unashuku kapandwa karibuni na haiwezi kupimika bado, mwache kundi lijalo.

Akitupa mimba ya miezi mitano na kuendelea bila sindano yoyote, hasa wakiwa wawili watatu, fikiria bruselosi, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza hata watu. Usishike kondo wala kijusi kwa mikono mitupu, vizikwe, maziwa yachemshwe, na damu ipelekwe kupimwa.

Onyo linalomhusu mtu: prostaglandini hupenya ngozi. Mama mjamzito asiishike kabisa, na mwenye pumu pia. Kazi ya ng'ombe wa maziwa mkoani kwetu iko mikononi mwa akina mama kwa kiasi kikubwa, na mara nyingi ndiye anayeagizwa "nishikie bomba". Atakayechoma avae glavu, na ikimwagika kwenye ngozi ioshwe mara moja kwa sabuni na maji.

Dalili ya sita: kifaa cha projesteroni kimeanguka, au kimetoka na uchafu

Kifaa hiki huwekwa ukeni siku saba kwa ng'ombe ambao ovari zimelala. Prostaglandini huchomwa siku moja kabla ya kukitoa au siku ya kukitoa. Uchafu mweupe kinapotoka ni wa kawaida na unaisha kwa joto lenyewe. Ukinuka, mwite daktari. Kikianguka, mara nyingi wenzake wamevuta uzi. Ukate ubaki mfupi. Aliyekiangusha siku ya pili au ya tatu huna namna, aanze upya. Usikihamishie kwa ng'ombe mwingine kubana matumizi. Na usimwekee aliyekonda sana. Atapata joto moja, halafu atalala tena.

Mitamba

Mitamba huitika kuliko wote, na kosa lao karibu daima ni umri kutumika badala ya uzito. Mtamba apandishwe akifikisha kama asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake, hata kama ana miaka miwili. Pacha wa kike aliyezaliwa na ndume, usimnunulie homoni; zaidi ya tisa kati ya kumi ni tasa.

Dalili ya mwisho: haachi kupanda wenzake

Kuna ng'ombe ambaye joto haliishi: leo anapanda, baada ya siku nne anapanda tena, analia kama dume, shina la mkia limeinuka. Huyu ana uvimbe wa maji kwenye ovari, na huvuruga hesabu ya kundi zima kwa sababu anakwangua rangi za wenzake na kumdanganya mchungaji. Mtenge. Daktari akithibitisha, GnRH kisha prostaglandini baada ya siku saba huwaponya wengi, na joto linalofuata linaweza kupandishwa. Akirudia hali hiyo baada ya uzao unaofuata, mtoe kwenye orodha ya kundi, na usiweke mtamba wake kuwa wa kurithi nafasi yake, maana tabia hiyo huwa inafuata ukoo.